Nani Mwenye Kadi? Mgogoro wa Zana za Ngazi ya Chini za Kutoa Video na Draiva za Grafiki katika Mfumo wa Linux

Ikisiri

Makala haya yanafafanua chanzo cha tatizo ambalo mafundi na watumiaji wa Linux wamelikabili kwa muda mrefu. Programu inayozungumza moja kwa moja na kadi ya grafiki huifanya skrini kuwa nyeusi, kuvuruga herufi au kuigandisha kompyuta, ilhali kadi yenyewe ni nzima. Kwa kutumia mifano ya SVGAlib, MPlayer na vbetool, makala yanaonyesha kwamba kiini cha tatizo ni umiliki wa kifaa kimoja na wahusika wawili wasiojuana. Yanaeleza pia namna keneli ya Linux ilivyotwaa mamlaka ya kadi hatua kwa hatua, na migogoro iliyosalia baada ya hapo. Mwisho, yanajadili istilahi za Kiswahili zinazoweza kubeba dhana hizi bila kuzipotosha, pamoja na mapendekezo kwa watunga sera. Hoja inayosisitizwa ni kwamba istilahi isiyobainisha uhusiano wa mamlaka kati ya programu na kifaa humwongoza fundi kwenye utambuzi usio sahihi wa tatizo.

1.0 Utangulizi

Fundi anapoletewa kompyuta inayowaka taa na kuzungusha feni lakini haionyeshi chochote kwenye skrini, hitimisho la haraka ni kwamba kadi ya grafiki imekufa. Kwa kompyuta inayotumia Linux, hitimisho hilo mara nyingine si sahihi. Huenda kadi ni nzima kabisa, ila programu mbili zimeiamuru kwa wakati mmoja na kuiacha katika hali ambayo hakuna hata moja kati yake inayoitambua. Kompyuta ya namna hii hurejea katika hali ya kawaida pindi mgogoro huo unapotatuliwa, bila kununua kipuri chochote.

Suala hili linaihusu taaluma ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, juhudi za kuiswahilisha kompyuta zimejikita zaidi katika tabaka la juu, yaani menyu, vitufe na ujumbe wa programu za ofisini. Mradi wa Kilinux uliowahusisha wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, ni mfano mzuri wa kazi hiyo. Tabaka la chini, ambako keneli na draiva hukutana na maunzi, halijapata maelezo ya kutosha kwa Kiswahili. Pili, mafunzo ya ufundi wa kompyuta katika ukanda huu hutolewa kwa mchanganyiko wa lugha. Mwanafunzi hukariri jina la amri ya Kiingereza bila kupewa maelezo ya kwa nini amri hiyo hufanya kazi.

Makala haya hayatoi orodha ya tafsiri za maneno. Yanaanza na utendaji wa kifaa chenyewe, kisha yanarudi kwenye lugha, kwa imani kwamba istilahi nzuri huzaliwa na uelewa wa kitu kinachotajwa.

2.0 Picha inavyofika kwenye skrini

Kila kinachoonekana kwenye skrini kimehifadhiwa kwanza kama namba katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa ya fremu. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba yake ya rangi. Kadi ya grafiki huisoma bafa hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi kwa sekunde na kuituma kwenye skrini. Ili kazi hiyo ifanyike sawasawa, kadi lazima iambiwe mambo kadhaa: bafa inaanzia wapi, mstari mmoja una pikseli ngapi, kila pikseli ina baiti ngapi, na mapigo ya saa yaende kwa kasi gani. Maelekezo haya huandikwa katika rejista, ambazo ni visanduku vidogo vya namba ndani ya kadi. Jumla ya maelekezo hayo huitwa modi.

Kiwango cha VGA kilicholetwa na IBM mwaka 1987 kilikuwa na modi moja iliyopendwa sana: pikseli 320 kwa 200, kila pikseli ikiwa na baiti moja. Picha nzima ilihitaji baiti 64,000, nayo ilienea katika dirisha la baiti 65,536 ambalo kompyuta iliitengea kadi. Programu iliweza kuandika namba katika dirisha hilo na rangi ikaonekana papo hapo. Picha ya pikseli 640 kwa 480 yenye rangi 256 ilihitaji baiti 307,200, nayo haikuenea. Kadi zilizofuata zililazimika kuigawa kumbukumbu yao katika benki na kuzionyesha dirishani moja baada ya nyingine, na kila mtengenezaji alibuni njia yake ya kuhamisha benki. Baadaye shirika la viwango la VESA lilitoa kanuni za pamoja. Toleo la pili la kanuni hizo, la mwaka 1994, liliruhusu kumbukumbu nzima ya video kuonekana kwa mfululizo bila kuhamisha benki.

Leo skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye baiti nne kwa kila pikseli, huhitaji baiti 8,294,400 kwa fremu moja. Kadi imekuwa na kichakataji chake, foleni yake ya amri na mpango wake wa kumbukumbu. Kanuni ya msingi, hata hivyo, haijabadilika: anayeandika katika rejista ndiye anayeamua kinachoonekana.

3.0 Enzi ya kila programu kujitawala

Mfumo wa Linux ulipoanza mwaka 1991, keneli yake ilijua jambo dogo sana kuhusu kadi ya grafiki: kuonyesha maandishi. Kazi ya kutoa picha iliachiwa programu zilizo nje ya keneli. Programu kubwa zaidi ilikuwa mfumo wa madirisha wa X, uliobeba draiva zake wenyewe. Kwa waliotaka kuchora bila madirisha kulikuwa na maktaba ya SVGAlib, ambayo ilitumiwa na michezo na programu za kutazama picha.

SVGAlib ilifanya kazi kwa njia ya mkato. Programu ilianza kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, ikaomba keneli ruhusa ya kuandika katika poti za maunzi, kisha ikaifungua faili ya /dev/mem inayoionyesha kumbukumbu ya kompyuta. Kuanzia hapo haikuhitaji mpatanishi, bali iliandika rejista kwa mkono wake. Ndani yake kulikuwa na maelekezo ya chipu nyingi, kama vile za Cirrus Logic, Trident, Tseng na S3.

Kicheza video cha MPlayer, kilichoanza kuandikwa mwaka 2000, kiliendeleza desturi hiyo. Mtumiaji aliweza kuchagua njia ya kutoa video. Zilikuwapo njia zilizopitia X, iliyopitia bafa ya fremu ya keneli, iliyopitia SVGAlib, iliyoita BIOS ya kadi kwa kanuni za VESA, na ile ya VIDIX iliyoendesha sehemu ya video ya kadi moja kwa moja kutoka nje ya keneli. Njia hizi hazikuwa mzaha wa wahandisi. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na nguvu ndogo, na kumpita mpatanishi kulimaanisha video kuchezwa bila kukatakata.

Zana ya vbetool ilikuwa na lengo tofauti. Kompyuta nyingi za mkononi zilipoamka kutoka usingizini, kadi ya grafiki ilibaki bila maelekezo na skrini ikabaki nyeusi. Keneli haikujua namna ya kuirejesha. Kazi ya vbetool ilikuwa kuita msimbo wa BIOS wa kadi ili uianzishe upya, kama ambavyo hufanyika kompyuta inapowashwa.

Zana hizi zote zina jambo moja la pamoja. Kila moja imeandikwa kwa dhana kwamba, kwa muda inapofanya kazi, kadi ni yake peke yake. Dhana hiyo ilikuwa karibu na ukweli mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikoma kuwa kweli pale mhusika wa pili alipoingia.

4.0 Namna tatu za mgogoro

4.1 Mgongano wa maandishi katika rejista

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika sehemu ya VGA inayosimamia rangi za msingi. Sehemu hiyo hutumia poti moja, yenye namba 3C0 katika hesabu ya msingi wa kumi na sita, kwa kazi mbili. Andiko la kwanza katika poti hiyo ni anwani ya rejista inayolengwa, na andiko la pili ni thamani inayowekwa humo. Kadi ina swichi ya ndani inayokumbuka zamu: sasa ni anwani, sasa ni thamani. Programu inayotaka kuanza upya husoma kwanza poti ya 3DA, na swichi hurudi kwenye zamu ya anwani.

Chukulia kwamba programu ya kwanza imeshaandika anwani, kisha keneli ikaisimamisha kidogo ili programu ya pili ipate nafasi. Programu ya pili inairudisha swichi mwanzo, inaandika anwani na thamani zake, na kumaliza. Programu ya kwanza inapoendelea, inaandika thamani iliyokusudia, lakini kadi inaipokea kama anwani. Biti moja katika anwani hiyo ndiyo inayoamua kama picha ipelekwe kwenye skrini au la. Thamani iliyoandikwa ikiwa na sifuri katika nafasi hiyo, skrini huwa nyeusi papo hapo. Hakuna programu iliyokosea, kwani kila moja imefuata kanuni za kadi neno kwa neno. Kosa liko katika kupishana kwao.

4.2 Kupotea kwa hali ya awali

Katika modi ya maandishi ya VGA, maumbo ya herufi huhifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya video yenyewe. Programu inapoingia katika modi ya picha, huandika juu ya eneo hilohilo. Ikimaliza kazi vizuri, hurudisha maumbo iliyoyahifadhi. Ikikatika ghafla, keneli hubaki ikiamini kwamba iko katika maandishi, ilhali kadi imebaki katika picha, au herufi zimegeuka alama zisizosomeka.

SVGAlib ilikuja na zana ndogo za kuhifadhi na kurejesha fonti, rangi na rejista. Kuwapo kwa zana hizo ni ushahidi kwamba waandishi wake waliliona tatizo. Hata hivyo, zilirejesha tu kile kilichohifadhiwa na aliyekumbuka kuhifadhi.

4.3 Ramani mbili za kadi moja

Draiva ya kisasa haiisomi kadi kila inapotaka kujua hali yake. Hutunza ramani yake: bafa iko hapa, foleni ya amri imefika pale, saa inakwenda kwa kasi hii. Zana ya ngazi ya chini inapoita msimbo wa BIOS na kubadili modi, kadi hubadilika lakini ramani ya draiva haibadiliki. Amri inayofuata hutolewa kwa kufuata ramani isiyolingana tena na kadi, na matokeo yake ni picha iliyopinda, kuganda kwa kichakataji cha grafiki, au kuganda kwa mfumo mzima.

Vilevile, zana ya zamani hudhani kwamba mwanzo wa kumbukumbu ya video ndio mwanzo wa picha. Draiva inayosimamia kumbukumbu inaweza kuwa imeiweka bafa mahali pengine na kulitumia eneo hilo la mwanzo kwa data ya programu nyingine. Zana inapochora, huharibu kazi ya mwenzake bila kuonyesha chochote kwenye skrini.

Methali ya fahali wawili kutokaa zizi moja inafaa hapa, lakini kwa sehemu tu. Fahali huonana kabla ya kupigana, na mmoja anaweza kurudi nyuma. Programu hizi hazionani. Ndiyo sababu kufuli peke yake halikuweza kuwa suluhisho: humzuia tu yule anayejua kwamba lipo na akakubali kuliheshimu. Zana inayoingia kupitia /dev/mem hailijui kabisa.

5.0 Keneli kutwaa mamlaka

Suluhisho lilihitaji mamlaka moja inayojulikana na wote na isiyoweza kukwepwa. Keneli ndiyo pekee yenye sifa hizo, lakini ilichukua zaidi ya muongo mmoja kulipokea jukumu hilo kikamilifu.

Hatua ya kwanza ilikuwa mfumo wa bafa ya fremu, fbdev, ulioingia katika matawi ya majaribio ya keneli mwaka 1998 na kuwafikia watumiaji wa kawaida kupitia toleo la 2.2 la Januari 1999. Programu ziliweza sasa kufungua faili ya /dev/fb0 na kuchora bila kugusa rejista. Hata hivyo, fbdev haikuyaondoa yaliyokuwapo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kadi moja iliweza kuwa na wasimamizi watatu: draiva ya fbdev kwa ajili ya maandishi, draiva ya X iliyoweka modi kutoka nje ya keneli, na draiva ya DRM ndani ya keneli iliyosimamia uchoraji wa kasi.

Wasimamizi hao waliishi kwa makabidhiano. Mtumiaji alipohama kutoka madirisha kwenda skrini ya maandishi, keneli iliipelekea X ishara ya kuomba nafasi. X ilihifadhi hali yake, ikaachia kadi na kujibu kwamba iko tayari. Makabidhiano hayo yalitegemea uungwana wa kila upande. Programu iliyokwama haikujibu, na iliyojibu haikulazimika kuiacha kadi katika hali nzuri.

Hatua ya pili, iliyokuwa ya uamuzi, ni kuhamishia kazi ya kuweka modi ndani ya keneli, utaratibu unaojulikana kwa kifupi chake KMS. Uliingia katika toleo la 2.6.29 la Machi 2009 kwa kadi za Intel, kisha ukafuata kwa kadi za Radeon mwaka huohuo na kwa draiva ya nouveau mwaka 2010. Kuanzia hapo draiva moja ndani ya keneli ndiyo iliyoweka modi, kusimamia kumbukumbu na kuiamsha kadi kutoka usingizini. Programu inayotaka kuonyesha picha huomba hadhi ya msimamizi wa skrini kupitia faili kama /dev/dri/card0, na hadhi hiyo hutolewa kwa mmoja tu kwa wakati. Mtu anayejaribu kucheza video kwa njia hiyo akiwa ndani ya mazingira ya madirisha hukataliwa, kwa sababu mazingira hayo ndiyo yameshika dhamana. Programu inayohitaji kuchora au kukokotoa bila kuonyesha hutumia mlango mwingine usiodai hadhi hiyo.

Hatua ya tatu ilikuwa kuufunga mlango wa uani. Kuanzia mwaka 2008 keneli iliweza kuandaliwa ili izuie matumizi ya holela ya /dev/mem. Toleo la 5.4 la Novemba 2019 liliongeza utaratibu unaoweza kumnyima hata mtumiaji mkuu ruhusa ya kuandika katika kumbukumbu na poti za maunzi, hasa katika kompyuta iliyowashwa kwa ulinzi wa Secure Boot. Aidha, vichakataji vinapoendeshwa katika modi ya biti 64 haviwezi tena kutekeleza moja kwa moja msimbo wa BIOS wa biti 16 kama ilivyokuwa katika biti 32, hivyo zana zinazouhitaji hulazimika kuuigiza.

Kwa njia hii, dawa ya jana iligeuka chanzo cha maradhi. Zana ya vbetool iliyoziokoa kompyuta nyingi ilianza kuzivuruga: draiva inairejesha kadi kwa njia yake, kisha zana inaita BIOS na kuibadilisha tena. Suluhisho likawa kuiondoa zana hiyo katika taratibu za usingizi, jambo linalomshangaza fundi aliyejifunza kwamba zana hiyo ndiyo tiba.

6.0 Migogoro iliyosalia

Kuhamia ndani ya keneli hakukumaliza kila kitu, kwa sababu hata keneli inaweza kuwa na draiva mbili kwa kadi moja. Kompyuta inapowashwa, draiva ya jumla huitumia bafa iliyoandaliwa na BIOS au UEFI ili ujumbe wa mwanzo uonekane. Baadaye draiva mahsusi ya kadi huingia. Ya kwanza ikiendelea kuchora baada ya ya pili kuipanga upya kumbukumbu, mgogoro wa ramani mbili hurudi. Keneli imeweka utaratibu wa kumwondoa mpangaji wa awali kabla ya mwenye nyumba kuingia, na katika kumbukumbu za matukio huandika kwamba draiva ya jumla imeondolewa. Fundi asiyeelewa huuona ujumbe huo kama kosa, ilhali ni taarifa ya makabidhiano yaliyofanikiwa.

Mfano mwingine unahusu kadi za NVIDIA. Draiva ya kampuni hiyo na draiva huria ya nouveau haziwezi kuiendesha kadi ileile kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, anayesakinisha ya kampuni hulazimika kuizuia nouveau isipakiwe. Maelekezo ya kampuni yanaonya pia dhidi ya draiva za bafa ya fremu, kama vile nvidiafb, zinazoigusa kadi hiyohiyo.

Jambo la tatu ni kigezo cha kuwashia kinachoitwa nomodeset. Kigezo hiki huizuia draiva isiweke modi, na mara nyingi huirudisha picha iliyopotea. Kwa sababu hiyo, kimeenea miongoni mwa mafundi kama tiba ya kila skrini nyeusi. Lakini kinachofanya ni kumwondoa msimamizi na kuiachia draiva ya jumla kazi yote. Kompyuta huonyesha picha, lakini kwa kawaida hupoteza kasi ya uchoraji, mwonekano sahihi wa skrini, na pengine uwezo wa kuamka usingizini. Kama kipimo cha kutambua chanzo cha tatizo, nomodeset ni msaada mkubwa. Kama suluhisho la kudumu, humfanya mwenye kompyuta nzima aishi na kompyuta kilema.

7.0 Istilahi na uhusiano wa mamlaka

Maelezo yaliyotangulia yanaonyesha kwamba dhana zinazohitaji kutajwa kwa Kiswahili si vitu peke yake, bali pia mahusiano kati ya vitu hivyo. Mambo manne yanastahili kuzingatiwa.

Kwanza, kuna tofauti kati ya mgongano na mgogoro. Mgongano ni tukio la papo: maandiko mawili yanapishana katika poti moja. Mgogoro ni hali inayodumu: wahusika wawili kila mmoja anadai haki ya kifaa. Lugha ya kitaalamu ya Kiingereza hutumia neno moja kwa hali zote mbili. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo wazi, na kuyatenganisha kunamsaidia fundi, kwa kuwa mgongano huondolewa kwa kupanga zamu, ilhali mgogoro huondolewa kwa kumtambua mmiliki.

Pili, neno kiendeshi hutumika pia kwa kifaa cha kusomea au kuhifadhia data, kama vile kiendeshi cha diski. Sentensi “kiendeshi kimegoma” inaweza kumfanya mtu abadilishe diski wakati kinachohitajika ni kubadilisha programu. Neno draiva, ambalo mafundi wanalitumia tayari, halina utata huo. Aidha, ukaribu wake na dereva unaibeba dhana sahihi: gari moja huwa na dereva mmoja kwa wakati.

Tatu, neno makabidhiano, linalofahamika katika utumishi wa umma, linaueleza vyema utaratibu wa kuhamisha kadi kutoka mhusika mmoja kwenda mwingine. Makabidhiano ya ofisi yana anayeondoka, anayeingia, orodha ya mali na saini. Kukosekana kwa kimojawapo ndiko huzaa matatizo yaliyoelezwa katika sehemu ya nne. Vivyo hivyo, hadhi ya kuisimamia skrini inaweza kuitwa dhamana: hutolewa, hushikwa na hurudishwa.

Nne, istilahi zilizokwisha kuingia kwa sauti, kama vile keneli, rejista, bafa, poti na modi, hazina sababu ya kufukuzwa. Kazi ya mwanaistilahi ni kuzipa fasili zinazotofautisha, ili modi isichanganywe na mwonekano, wala bafa isichanganywe na kumbukumbu yote.

8.0 Mapendekezo ya kisera

Ujumbe wa keneli ya Linux huandikwa kwa Kiingereza, na keneli haina utaratibu wa kuutafsiri kwa lugha nyingine. Hali hii haipaswi kuonwa kama kizuizi. Ujumbe huo una faida ya kuwa alama moja inayotambulika duniani kote. Kinachohitajika ni mwongozo wa Kiswahili unaounukuu kama ulivyo, kisha kueleza maana yake, chanzo chake na hatua ya kuchukua. Vyombo vya lugha kama BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vinaweza kuratibu kazi hiyo kwa kuwaweka wanaistilahi na mafundi meza moja, badala ya kuwatumia mafundi orodha iliyokwisha kukamilika.

Katika mafunzo ya ufundi, utambuzi wa skrini nyeusi ufundishwe kwa mpangilio. Kwanza, kuthibitisha kama kompyuta iko hai, kwa mfano kwa kuiingia kupitia mtandao kutoka kompyuta nyingine. Pili, kusoma kumbukumbu za matukio za keneli na kubaini ni draiva ipi iliyoishika kadi. Tatu, kukagua kama kuna zana ya zamani inayoigusa kadi kwa mlango mwingine. Nne, kutumia nomodeset kwa jaribio moja, si kwa kudumu. Ni baada ya hatua hizo tu ndipo kadi itangazwe kuwa mbovu.

Katika ununuzi, taasisi zinazopokea au kununua kompyuta zilizokwisha kutumika kwa ajili ya shule na ofisi zidai kwamba kadi ya grafiki iwe na draiva inayotunzwa ndani ya keneli ya kawaida. Sharti hilo linapunguza uwezekano wa draiva mbili kugombea kifaa kimoja, nalo halina gharama ya ziada endapo litawekwa kabla ya zabuni kutangazwa.

9.0 Hitimisho

Zana za ngazi ya chini za kutoa video hazikuwa uovu. Ziliandikwa wakati ambapo hakuna mwingine aliyefanya kazi hiyo, na zilionyesha video katika kompyuta ambazo zisingeweza kuionyesha kwa njia nyingine. Zilipitwa na wakati pale kadi ilipopata msimamizi, kwa sababu ziliendelea kutenda kana kwamba hayupo. Njia ya zaidi ya muongo mmoja iliyopitwa na Linux, kutoka kila programu kujitawala hadi dhamana moja inayokabidhiwa, inafundisha kwamba kifaa kinachotumiwa na wengi huhitaji mmiliki anayejulikana na wote.

Kwa upande wa Kiswahili, tabaka la chini la kompyuta linaelezeka. Maneno ya umiliki, dhamana na makabidhiano yamo tayari katika lugha, nayo yana usahihi ambao fundi anauhitaji. Likifafanuliwa hivyo, swali la kwanza mbele ya skrini nyeusi litakuwa ni nani aliyeishika kadi, na kompyuta nzima hazitatupwa kwa kudhaniwa kuwa mbovu.